Biashara Magwagwa, Zamu Minnesota

Mtu anayetoka Minneapolis kwenda Magwagwa hubadilisha ndege Amsterdam, akatua Nairobi, akapanda nyingine hadi Kisumu, kisha akashika barabara ya Ahero, Sondu na Chabera mpaka aanze kuona mashamba ya chai ya kwao, Mugirango Kaskazini, kaunti ya Nyamira. Ukitoa siku za njiani, likizo ya wiki tatu inabaki fupi, nayo inagombewa na wazazi, ukoo, kanisa, wenye harusi na wenye matanga. Biashara aliyoianzisha nyumbani hupewa alasiri moja, tena ya siku ya kufunga mizigo.

Wengi wetu tuliotoka huko tukaja Minnesota tunaishi Brooklyn Park na Brooklyn Center, na riziki yetu imetokana na kuuguza na kulea. Baadhi ya walioanza kama wahudumu wa zamu ya usiku leo wana nyumba zao za kulea wazee. Kazi hiyo ina sheria kali: tangu Agosti 1, 2021, nyumba za wazee wanaosaidiwa hapa Minnesota lazima ziwe na leseni ya Idara ya Afya ya jimbo. Dawa huandikwa kila inapotolewa, saa za kila mfanyakazi huandikwa, na mwenye nyumba akisafiri, anayeshika nafasi yake anajulikana kwa jina. Ndiyo maana anaweza kuvuka bahari na zamu zikaendelea.

Sasa mtazame mtu huyohuyo Magwagwa. Ana chai, migomba, pengine kuku wa mayai au duka la pembejeo kando ya barabara ya Chebilat–Ikonge–Chabera. Msimamizi ni kaka yake, aliyekabidhiwa kwa maneno ya mdomo siku ya kuagana. Mshahara haukutajwa. Daftari hakuna. Fedha za chakula cha kuku na karo ya watoto zinapitia simu moja ya M-Pesa. Mwaka ukiisha, mmoja anadai amepunjwa, mwingine anadai ametumikishwa bure, na kwa maoni yangu wote wawili wana haki ya kulalamika.

Tumezoea kusema kwamba nyumbani hakuna uaminifu. Sikubali. Kinachotushinda ni aibu: kumwomba kaka risiti kunaonekana kama kumwita mwizi. Lakini kuwajibika hatukujifunza ughaibuni. Wazee wetu walikuwa na risaga, kundi la majirani waliolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti kwetu Gusii katika miaka ya 1950, waliieleza katika kitabu chao cha mwaka 1966. Mwenye shamba aliwakirimu waliokuja, na asiyekwenda kwa wenzake alijua kwamba kwake hawatafika. Risaga ilisimama kwa sababu kila mtu alionekana. Aliye Minnesota haonekani, kwa hiyo daftari ndilo limwakilishe.

Chai inasaidia katika jambo hili kuliko biashara nyingi. Majani mawili na kichipukizi huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili, yakapimwa siku hiyohiyo kituoni kwa namba ya mkulima, na risiti ikatolewa. Malipo ya kwanza ya KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, huja kila mwezi. Bonasi hufuata baada ya hesabu za mwaka kufungwa Juni 30. Ukijua kilo zilizopimwa na ujira wa mchumaji kwa kilo, umejua gharama ya kuchuma bila kumhoji mtu. Kuku hawana mzani wa namna hiyo. Mayai hupasuka, mengine hupikiwa wageni, kwa hiyo lazima trei zihesabiwe na kuandikwa kila jioni. Saa nazo zinatufaa kwa kuwasiliana: majira ya joto Minnesota iko nyuma kwa saa nane, na saa nne asubuhi ya Magwagwa ni saa nane ya usiku kwa aliye zamu, ambapo wengi huwa mapumzikoni. Picha ya kurasa za daftari mara moja kwa wiki inatosha. Simu za kila siku humchosha aliye shambani, na aliyechoka kuulizwa huanza kujibu lolote.

Sheria nazo zina mitego. Katiba ya 2010 inamruhusu Mkenya wa kuzaliwa kuwa na uraia wa pili, ila aliyeupoteza wa Kenya kabla ya hapo lazima aombe kurudishiwa. Bila hivyo, kifungu cha 65 kinampa ardhi kwa kukodi tu, kwa miaka isiyozidi 99. Kampuni nayo huhesabiwa ya raia pale tu hisa zake zote zinapomilikiwa na raia. Upande wa Marekani, akaunti za nje zikijumlishwa zikapita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, lazima ziripotiwe. Tangu Januari 1, 2026, anayetuma kwa pesa taslimu hukatwa ushuru wa asilimia 1. Anayetuma kutoka akaunti ya benki ya Marekani hakatwi.

Jingine ni Desemba. Karibu sote tunakwenda Desemba, tunakuta soko limejaa na kila mtu amevaa vizuri, tunarudi tukiamini fedha zipo, tunaongeza mtaji. Anayefika Februari, jua likiwa limepunguza majani na karo ya muhula wa kwanza imekwisha kukamua mifuko, ndiye anayewaona wateja halisi wa duka lake: wanaonunua nusu kilo, wanaokopa mpaka chai ilipwe. Nao wa nyumbani wanatutazama. Wanaona mtu asiyeketi, anayetaka kumaliza mambo matano asubuhi moja kabla hajauliza habari za wagonjwa. Kwa hiyo mama aambiwe mapema, kabla ya tiketi kukatwa, siku zipi ni zake na zipi ni za kazi.

Kaka naye alipwe. Mshahara utajwe mbele ya wazee, ulipwe tarehe ileile kila mwezi, na mwaka ukifungwa apate sehemu ya faida. Msaada wa familia utumwe peke yake. Wapo watakaosema kumlipa ndugu ni kumfanya kibarua. Naona anayelipwa ana haki ya kudai, kupumzika, hata kuacha kazi, nawe una haki ya kuuliza mayai yalikwenda wapi. Kikao cha kukubaliana hayo kifanyike wiki ya kwanza ya likizo, mkiwa na muda wa kubishana, kulala, na kuamka mkaendelea.