Namba Inayosomwa Ghalani, Zahanati na Mtoni

Mkulima wa kakao wa Kyela hupima punje kwa mkono na sikio. Huiminya, husikiliza ganda linavyopasuka, kisha huitazama rangi ya ndani. Akifika ghalani hukuta kifaa cha mkononi chenye kioo cha namba, na namba hiyo ndiyo inayoamua kama gunia litapokelewa na kusubiri mnada au litarudi kuanikwa. Katika biashara ya kakao, unyevu wa punje haupaswi kuzidi asilimia 8. Ukizidi hapo, ukungu hupata nafasi ndani ya gunia. Namba moja juu ya kiwango ni kazi nyingine ya kuanika na kuanua, na hii ni wilaya ambayo mvua yake inahesabiwa miongoni mwa mvua kubwa kabisa nchini Tanzania.

Kifaa hicho hakipimi maji moja kwa moja. Ndani yake mna vibamba viwili vya chuma vilivyopewa umeme mdogo unaogeuka mwelekeo mara nyingi kwa sekunde, na punje hukaa katikati. Kinachopimwa ni uwezo wa punje hizo kusaidia vibamba kutunza umeme. Maji yana uwezo huo mara 80 hivi kupita hewa. Kakao kavu huipita hewa mara chache tu. Ndiyo maana maji yakiongezeka kidogo, umeme hubadilika vya kutosha kuonekana. Kompyuta ndogo iliyomo ndani hutafuta katika jedwali lake umeme wa kiasi hicho, kwa kakao, ni sawa na unyevu wa asilimia ngapi.

Uzito wote uko katika maneno hayo mawili, "kwa kakao". Ukipima kwa kifaa kilichowekewa jedwali la mahindi au kahawa, utapata namba inayosomeka vizuri kabisa na isiyo ya kweli. Punje zilizotolewa juani zikiwa bado na joto hudanganya, na zilizoshindiliwa kikombeni hudanganya pia. Kipimo cha kurejelea ni cha tanuri: sampuli hupimwa uzito, hukaushwa kwa nyuzijoto 103 kwa saa 16, kisha hupimwa tena, uzito uliopungua ndio maji. Kazi hiyo ni ndefu, hakuna atakayeifanya kwa kila gunia. Lakini mwanzoni mwa kila msimu inawezekana kabisa kuchukua sampuli chache, kuzipitisha tanurini na kulinganisha majibu na kifaa cha ghala, wakulima wakiwa wanaona. Naona hiyo ni haki yao, sawa na haki ya kuiona mizani ikihakikiwa.

Nimeanza na kakao kwa sababu inaonyesha jinsi kila kihisi kinavyofanya kazi, kiwe cha kifizikia, cha kikemia au cha kibayolojia. Kihisi hugusa kitu kimoja kisha hutupa jibu kuhusu kitu kingine. Maendeleo ya miaka hii yamevifanya vihisi kuwa vidogo, vya bei nafuu na vyepesi kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Daraja kati ya kile kinachoguswa na kile tunachotaka kujua bado lipo palepale, na lazima mtu alikague.

Kihisi cha kibayolojia kinachojulikana zaidi huku Kyela ni kipimo cha haraka cha malaria. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na tangu hapo kijikaratasi hicho kimefika zahanati ambazo hazina hadubini wala umeme wa uhakika. Tone la damu ya kidoleni huwekwa upande mmoja, matone ya maji maalumu hufuata, na majimaji hupanda karatasini yenyewe. Njiani hukutana na kingamwili zilizobebwa na chembe ndogo mno za dhahabu. Kama kwenye damu mna protini inayotolewa na kimelea cha malaria kali, kingamwili hizo huinasa. Mbele zaidi, kingamwili nyingine zilizobandikwa karatasini kwa mstari huikamata protini hiyo pamoja na dhahabu yake. Dhahabu iliyosagika kiasi hicho ina rangi nyekundu ya zambarau, na hiyo ndiyo rangi ya mstari unaousoma baada ya dakika 15 au 20. Mstari wa pili, wenye herufi C, hauhusiani na ugonjwa. Unathibitisha tu kwamba majimaji yamefika na kingamwili bado zinafanya kazi. Usipotokea, kipimo kizima kinatupwa, hata kama mstari mwingine umeonekana.

Kilichoguswa hapo ni protini, na protini si kimelea. Dawa inaweza kuua vimelea vyote, protini ikabaki damuni kwa wiki kadhaa. Mama anayemrudisha mtoto zahanati baada ya siku 10, kipimo kikaonyesha tena mistari miwili, hapaswi kuambiwa papo hapo kwamba dawa imeshindwa; hapo ndipo hadubini inapohitajika. Upande wa pili ni mgumu zaidi. Vipo vimelea vilivyopoteza jeni la kutengeneza protini hiyo, hivyo kipimo huvipita bila kuviona. Jambo hili liliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, na Eritrea ilibidi ibadilishe aina ya kipimo mwaka 2016. Halafu kuna joto na unyevunyevu wa Kyela, ambavyo huharibu kingamwili. Kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu ndani ya pakiti kipo kwa sababu hiyo, na pakiti iliyofunguliwa haihifadhiwi hadi kesho.

Ziwani, mabadiliko makubwa yamekuwa kwenye kemia. Ziwa Nyasa lina kina cha hadi mita 700 hivi, na kuanzia kama mita 250 kushuka chini maji yake hayana oksijeni. Samaki wote wanaovuliwa Matema na Itungi wanaishi katika tabaka la juu. Kihisi cha Leland Clark cha mwaka 1956 kilipima oksijeni kwa kuitumia, hivyo maji yaliyotulia yalikifanya kisome pungufu. Vya sasa humulika rangi maalumu kwa mwanga wa buluu. Rangi hung'aa nyekundu, na oksijeni huuzima mng'ao huo. Hakuna kinacholiwa, na kihisi kinaweza kuachwa majini kwa miezi.

Mtoni mambo ni magumu zaidi. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani ikiwa na kasi, ikafika tambarare ya mpunga ikiwa imebeba mchanga na tope. Kihisi kinachokaa kitandani mwa mto hupima uzito wa maji yaliyo juu yake: kila mita moja huongeza karibu sehemu ya 10 ya kanieneo ya hewa, na kanieneo ya hewa yenyewe lazima itolewe kwenye hesabu. Kikifukiwa na tope, kimekwisha. Rada inayofungwa chini ya daraja hutuma mawimbi na kusubiri yarudi, bila kugusa maji, na kwa mito ya Kyela ningeichagua hiyo.

Hata hivyo rada inatoa kina tu. Mtabiri wa mafuriko anataka kujua ni maji kiasi gani yanapita kwa sekunde, na hilo hutoka kwenye jedwali linalotengenezwa kwa kupima kasi ya maji katika vina mbalimbali. Jedwali hilo linaamini kwamba kitanda cha mto hakijabadilika. Songwe hubadilika: mafuriko huchimba huku, hujaza kule, na mto umewahi kuhama mkondo ilhali ndio mpaka wa Tanzania na Malawi. Kwa hiyo kila baada ya mafuriko makubwa, watu wa maji wa nchi zote mbili wanapaswa kurudi mtoni na mashine ya kupimia kasi, wapime upya, na wakubaliane sifuri ya kina inaanzia wapi, kabla namba ya rada haijatumwa kwa simu ya mtu yeyote.