Kilomita 21 za hisani: mfanyabiashara anapogeuka mkimbiaji

Mwaka 2024 mbio za hisani za Benki ya CRDB, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 2020, zilivuka mpaka. Zilikimbiwa pia Lubumbashi na Bujumbura, miji ambayo wachuuzi wa Kariakoo wanaijua kwa mizigo kuliko kwa michezo. Sehemu ya fedha zake hulipia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pale Muhimbili.

Si Dar peke yake. Kampala, mbio za Rotary zilianza mwaka 2012 kuchangia huduma za saratani katika hospitali ya Nsambya. Nairobi, mbio za jiji zilizoanza mwaka 2003 kwa miaka mingi zilichangia matibabu ya macho. Katika mbio kama hizi, umbali unaowavuta watu wazima wasiowahi kukimbia ni nusu marathoni: kilomita 21 na karibu mita 100 za ziada. Ni kama mizunguko 53 ya uwanja wa mita 400.

Kwa mtu anayeishi kwa kuvuka mipaka, umbali huo hauko mbali kama mwili wake ulivyo mbali nao. Biashara hii ni ya kukaa. Hukaa ndani ya basi usiku kucha, hukaa kwenye benchi la wakala wa forodha, hukaa juu ya marobota kusubiri lori. Chakula ni chipsi, nyama ya kuchoma na soda mahali basi linaposimama. Ndiyo maana jambo la kwanza si raba bali kipimo cha presha na sukari, hasa kwa aliyepita miaka 40.

Kisha huja wiki za aibu. Anayeanza hukimbia dakika moja na kutembea mbili, na hata hiyo moja humwacha akihema. Mtaani hakosekani wa kumuuliza anakimbizwa na nani. Wengi huharibu kila kitu hapa kwa kuona haya kutembea. Wanakazana hadi kichomi kiwashike, wanarudi nyumbani wakichechemea, na habari inaishia hapo. Lakini kuchanganya kukimbia na kutembea ni njia yenye jina kubwa. Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, aliitumia kuwafundisha watu wa kawaida kwa miongo kadhaa. Kipimo cha mwendo ni mdomo: ukishindwa kuzungumza sentensi nzima na mwenzako, umezidisha.

Vikundi vya joging vya Jumamosi, ambavyo Dar vimejaa kila kata, husaidia kuliko ratiba iliyobandikwa ukutani. Kwa mwanamke anayetoka alfajiri, kikundi ni usalama pia.

Ratiba ndiyo hasa inayompiga chenga mchuuzi. Mpango wa wiki 12 hudhani mtu yuko nyumbani kila Jumapili kwa mbio ndefu. Mzigo ukikwama Tunduma siku nne, Jumapili hiyo imekwenda. Aliyekosa wiki asiilipe kwa kukimbia mara mbili wiki inayofuata. Deni la miguu halilipwi hivyo. Aendelee pale alipoishia.

Na kukimbia mpakani kwenyewe kuna adabu yake. Barabara ya malori haina nafasi ya mtembea kwa miguu, sembuse mkimbiaji, na giza la alfajiri halisaidii. Isitoshe, mtu anayetimua mbio karibu na kizuizi cha forodha hufikiriwa kwanza kuwa na magendo, maelezo huja baadaye. Heri kupanda barabara za ndani, upande wa mashamba au uwanja wa shule, jua likishachomoza.

Kuhusu raba, hapa mchuuzi ana nafasi nzuri kuliko mkimbiaji wa ofisini. Karume, Gikomba na Owino zimejaa raba za kukimbilia za mtumba, nyingine nzuri sana. Jicho la biashara hutazama juu: rangi, mshono, jina. Jicho la mkimbiaji litazame chini. Soli iliyolika upande mmoja itauvuta mguu upande huo kila hatua. Sponji ya katikati nayo huzeeka hata kiatu kikionekana kipya. Ibonye kwa kidole gumba, na kama ni ngumu au ina mikunjo, iache. Kidole kikubwa kiachiwe nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu mguu huvimba njiani. Anayebana bei kwa kununua namba ndogo hulipa kwa kucha.

Maumivu ya misuli ni ya kawaida. Maumivu ya goti au ya ugoko yanayozidi kila ukikimbia si ya kawaida, na kuyapuuza ni ghali: mchuuzi asiyeweza kubeba wala kusimama hana likizo ya ugonjwa.

Upande wa hisani unahitaji uangalifu uleule. Wengi huomba ahadi kwa wenzao sokoni: fulani atatoa elfu kwa kila kilomita, chama kitatoa fungu. Jina la mtu sokoni ndilo mtaji wake, kwa hiyo fedha hizo zisichanganyike na za mzigo hata kwa siku moja. Daftari moja, laini moja ya simu, na risiti ya mwandaaji ionyeshwe kwa kila aliyechangia. Ni halali pia kumuuliza mwandaaji ni kiasi gani cha ada kinabaki baada ya tisheti, medali na maji. Baadhi ya mbio hulitangaza hilo wazi. Zile zinazong'aka zikiulizwa, afadhali mchango upelekwe hospitalini moja kwa moja.

Siku yenyewe, Jacob Kiplimo wa Uganda, aliyekimbia umbali huu Lisbon mwaka 2021 kwa dakika 57 na sekunde 31, si wa kujipima naye. Saa tatu ni muda wa heshima kwa mgeni wa mbio. Ni kama dakika nane na nusu kwa kilomita. Anayetoka Dar kwenda kukimbia Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, atakosa pumzi mapema. Anayeshuka kutoka Kigali kuja Dar atakutana na joto. Wote wawili waanze polepole kuliko wanavyotamani.

Baada ya medali wengi huacha. Wanaobaki hutambulika kwa mkoba wao: raba huwekwa kabla ya daftari la oda. Hao huipanga kalenda upya. Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, Kigali katikati ya mwaka, Dar Agosti, Nairobi Oktoba, Kampala Novemba, na mzigo husafiri wiki hiyohiyo kwa nauli ileile.