Mavazi ya Mjamzito na Mama Anyonyeshaye kwa Gharama Nafuu: Mfano wa Kiwengwa, Unguja

Kiwengwa ni kijiji cha pwani ya kaskazini-mashariki ya Unguja, katika Wilaya ya Kaskazini B. Katika ukanda huo wapo wanawake wanaoshuka baharini maji yakipwa kwenda kuchokoa pweza au kutazama mwani, na wapo wanaofanya kazi za usafi na jikoni katika hoteli za ufukweni. Wengine hushughulika na biashara ndogondogo na kilimo. Mwanamke wa mazingira hayo anaposhika mimba, nguo alizonazo huanza kumkataa moja baada ya moja. Nguo maalumu za uzazi hupatikana kwa shida, bei yake ni kubwa, na huvaliwa kwa muda mfupi. Makala haya yanaeleza ni sifa zipi ambazo mavazi ya mjamzito na mama anyonyeshaye hayana budi kuwa nazo kwa ajili ya afya, na namna ya kuzipata sifa hizo kwa kutumia khanga, dera, mitumba na mkono wa fundi cherehani.

Jambo hili lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya mwanzo, bila ya maji wala chakula kingine, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vya nyongeza hadi miaka 2 au zaidi. Mama anayetoka Kiwengwa kwenda mjini kwa daladala huwa njiani kwa muda mrefu, na mtoto mchanga hasubiri. Ikiwa vazi lake halifunguki kifuani ila kwa kuvuliwa lote, naye anajali sitara yake, njia nyepesi huwa ni kumpoza mtoto kwa maji au chupa. Hapo mtoto hupata hatari ya kuharisha, na matiti yasiyonyonywa kwa saa nyingi hujaa na kuuma. Kosa la mshono linaweza kuvunja unyonyeshaji uliokuwa ukienda vizuri.

Mwili unavyobadilika

Kwa kawaida mfuko wa uzazi huanza kupanda juu ya mfupa wa kinena kiasi cha wiki ya 12, hufika usawa wa kitovu karibu na wiki ya 20, na hukaribia mbavu kiasi cha wiki ya 36. Matiti nayo huanza kukua tangu miezi ya mwanzo, na huongezeka tena kwa ghafla baina ya siku ya 2 na ya 5 baada ya kujifungua, dang'a inapopisha maziwa mengi. Joto la mwili na jasho huzidi, na miguu huweza kuvimba jioni. Kwa hiyo vazi linalofaa ni lile linaloweza kutanuka tumboni na kifuani, lisilobana kiunoni, na lililofumwa kwa pamba ili lipitishe hewa na kunyonya jasho. Katika joto la pwani, nguo za ndani za nailoni hufungia unyevu, na unyevu huo huchochea miwasho na fangasi sehemu za siri.

Khanga na dera

Khanga imekuwa vazi la mwambao tangu mwishoni mwa karne ya 19, na sifa zake zinaafiki mahitaji hayo. Ni kitambaa cha pamba chenye upana wa kiasi cha mita 1 na urefu wa kiasi cha mita 1.5, hufungwa kwa kadiri ya tumbo la siku hiyo, hufuliwa kwa wepesi na kukauka upesi. Doti moja humpa mama vipande viwili: kimoja cha kujifunga na kingine cha kujitanda. Akinyonyesha mbele za watu, hujitanda kipande cha pili begani na kukishusha mbele ya titi. Uso wa mtoto usizibwe. Mama aweze kuuona wakati wote, na hewa ipite.

Dera nalo humtosha mwanamke tangu mwezi wa kwanza hadi wa mwisho kwa kuwa halina kiuno. Kasoro zake ni mbili. Kwanza, pindo lake huburura chini. Tumbo linapokua, uzito wa mwili husogea mbele na mwanamke haoni vizuri anapokanyaga. Pindo lipandishwe juu kidogo ya kifundo cha mguu ili asijikwae anapopanda gari au kushuka ngazi, na mikono mipana ikunjwe anapopika kwenye moto wa kuni au mkaa. Pili, madera mengi hayafunguki kifuani. Fundi anaweza kuzifumua nyuzi za mshono wa pembeni usawa wa titi, kila upande, na kutia zipu nyembamba. Au akapasua mbele na kuweka vishikizo kutoka shingoni hadi chini ya kifua. Kazi hiyo ifanywe mapema, kabla ya miezi ya mwisho, ili dera la mimba liwe ndilo dera la kunyonyesha. Kwa njia hiyo nguo moja hutumika kwa zaidi ya miaka miwili badala ya miezi mitano.

Mwenye kushonesha nguo mpya amwombe fundi aache akiba ya kitambaa ndani ya mishono ya ubavuni, kiasi cha sentimita 4 kila upande, itakayofumuliwa tumbo likikua na kurudishwa baadaye. Sketi na suruali za kazi zitiwe kamba ya kufunga badala ya lastiki ngumu. Anayevaa sare hotelini anaweza kuongezewa kipande cha kitambaa cha rangi hiyohiyo ubavuni, bila ya kununua sare nyingine.

Sidiria na mitumba

Mitumba ni msaada mkubwa: mashati mapana ya pamba yenye vifungo mbele, ambayo hata mwanamume huyavaa, hufaa sana kwa kunyonyesha nyumbani. Yafuliwe kwa maji ya moto na sabuni, yaanikwe juani na kupigwa pasi kabla ya kuvaliwa. Nguo za ndani ni jambo jingine. Shirika la Viwango Tanzania limepiga marufuku uuzaji wa nguo za ndani zilizokwisha kutumika kwa sababu za kiafya, na mama mwenye akiba ndogo afadhali azielekeze fedha zake katika sidiria na chupi mpya, kisha apunguze gharama katika nguo za juu.

Sidiria 3 zinatosha: moja mwilini, moja kambani, moja kabatini. Iwe ya pamba, yenye mikanda mipana mabegani na isiyo na waya. Inaponunuliwa katika miezi ya mwisho ya mimba, ifungwe bila ya kubana na vidole viwili vipite chini ya mkanda wake, na vikombe vibakiwe na nafasi kwa ajili ya maziwa yatakayoingia. Sidiria ya kawaida inaweza kugeuzwa: fundi huukata mkanda wa begani pale unapoungana na kikombe, akaweka kikulabu cha kufungua na kufunga. Vipande vya khanga kuukuu vilivyokunjwa huwekwa ndani ili kunyonya maziwa yanayovuja. Vibadilishwe kila vinapolowa, kwa sababu chuchu inayokaa katika unyevu hupasuka na kupata fangasi. Kwa sababu hiyohiyo, mama atokaye baharini asikae na sidiria iliyolowa maji ya chumvi hadi ikaukie mwilini.

Sidiria inayobana husababisha maziwa kukwama. Mama akihisi donge gumu lenye maumivu, joto katika titi, homa au baridi mwilini, aendelee kumnyonyesha mtoto na aende kituo cha afya bila ya kuchelewa. Wekundu wa ngozi huenda usionekane wazi kwa mwenye ngozi nyeusi, hivyo maumivu na joto ndivyo viangaliwe zaidi.

Kufunga tumbo baada ya kujifungua

Mila ya kumfunga mzazi tumbo kwa khanga katika siku arobaini bado inaendelea. Mfungo mwepesi huweza kumpa mama utulivu wa mgongo. Mfungo wa kukaza sana humzuia kupumua vyema na kuongeza mkandamizo kwenye misuli ya nyonga, ambayo tayari imechoka. Hausafishi mfuko wa uzazi. Mfuko hurejea wenyewe, na kunyonyesha huuhimiza kujikaza. Aliyejifungua kwa upasuaji apate kwanza ushauri wa mkunga au daktari.

Nguo inapobana ghafla

Si kila nguo inayobana inahitaji kubadilishwa na kusahauliwa. Nguo hubana tumboni kwa taratibu, wiki kwa wiki. Mikono ya gauni, pete au viatu vikibana ndani ya siku chache, na uso ukavimba, inaweza kuwa dalili ya shinikizo la damu la mimba linaloelekea kwenye kifafa cha mimba. Kukiwa pia na maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe au maumivu ya juu ya tumbo, mjamzito apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo, usiku au mchana.

Kwa jumla, madera 3 yaliyotiwa zipu au vishikizo, doti 2 za khanga, mashati 2 ya mitumba, sidiria 3 na chupi za pamba humtosha mama tangu mimba hadi mtoto aachishwe ziwa. Baadhi ya hivyo tayari vimo ndani ya nyumba, na vingine huazimwa kwa dada, wifi au shangazi aliyekwisha kulea. Watu wanaotaka kumzuru mzazi kwa zawadi wanaweza kuulizwa walete khanga. Fedha inayookolewa iwekwe kando tangu mapema kwa ajili ya nauli ya kwenda kujifungua, kwani uchungu ukianza usiku wa manane, gari la kukodi halingoji mwisho wa mwezi.