Kupanga Habari Ndani ya Kompyuta

Wengi wetu tumalizapo Kidato cha Sita hutamani kusomea kazi ya kompyuta. Huko chuoni, katika mwaka wa kwanza au wa pili, mwanafunzi hukutana na somo lenye sehemu mbili: kuandika programu kwa njia ya vitu, na miundo ya data. Wako walikaririo somo hili neno kwa neno, na mtihani ukija na swali geni hukwama. Yafaa basi tujue mapema maana yake, kwani kulielewa hakuhitaji mashine. Kalamu na karatasi zatosha.

Tuanze na vitu. Programu ni amri ambazo kompyuta huzifuata. Katika programu nyingi za zamani, habari ziliwekwa mahali pamoja na amri mahali pengine, na amri yo yote iliweza kubadili habari yo yote. Programu ikiwa kubwa, kosa dogo lilikuwa taabu kulitafuta. Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili wa Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, walitengeneza mjini Oslo lugha ya kompyuta iitwayo Simula. Ndani yake habari na kazi zake ziliunganishwa pamoja, zikawa kitu kimoja. Lugha za C++ na Java zimefuata njia hiyo.

Tuchukue mfano wa maktaba. Kitabu kina jina, namba, na hali: kipo au kimeazimwa. Kazi zake ni mbili: kuazimwa na kurudishwa. Mwandishi wa programu hutengeneza kwanza kalibu ya kitabu, iitwayo klasi. Kama vile kalibu moja itoavyo matofali mengi, klasi moja hutoa vitu vingi, ila kila kitu kina habari zake chenyewe. Tena hali ya kitabu haibadilishwi ovyo; lazima kupitia moja ya kazi zile mbili. Hali ikionekana ina kosa, twajua pa kutafuta.

Sasa, tukiwa na vitabu 1,000, tuvipangeje? Hapo ndipo miundo ya data inapoingia. Kadi zao zikirundikwa bila mpango, kumtafutia msomaji kitabu kimoja huenda kukatulazimisha kutazama kadi zote 1,000. Lakini zikipangwa kwa alfabeti, twatazama ya katikati, twaacha nusu isiyohusika, kisha twafanya vivyo hivyo kwa nusu iliyobaki. Kwa njia hii hatutazami zaidi ya kadi 10. Hata zikiwa 1,000,000, hazizidi 20! Hospitali itafutapo cheti cha mgonjwa, tofauti hiyo si jambo dogo.

Je, safu iliyopangwa ndiyo bora daima? La. Kikija kitabu kipya ambacho mahali pake ni mwanzoni, habari zote 1,000 hazina budi kusogea. Kwa hiyo kuna orodha ya mnyororo, ambayo kila kitu hujua tu kinachokifuata. Hapo kuongeza kipya ni kubadili viungo vichache. Lakini ukitaka cha 500, sharti uanze mwanzo na kuhesabu. Kwa watu wangojao kuna foleni, ambayo atanguliaye kuja hutangulia kuhudumiwa. Kuna na rundo, mfano wa sahani zilizopangwa: iliyowekwa mwisho hutolewa kwanza.

Basi twaona kwamba hakuna muundo ulio bora kwa kila kazi. Mwanafunzi hodari haulizi, "Muundo upi ni mzuri?" Huuliza, "Kazi hii itahitaji nini mara nyingi: kutafuta, kuongeza, au kuondoa?" Kisha huhesabu hatua, ndipo akachagua. Ajuaye kuhesabu hivyo hatatishwa na swali geni.

Jaribuni wenyewe nyumbani, hata wazazi waweza kushiriki. Andikeni majina 31 juu ya vipande vya karatasi, myapange kwa alfabeti na kuyafunika. Mmoja ataje jina, mwingine alitafute kwa kuanzia katikati. Akifuata njia hii barabara, hatafunua zaidi ya vipande 5. Kisha yachanganyeni, mtafute tena. Hapo mtaona wenyewe faida ya mpango.