Kuchagua Deli Imara kwa Safari za Kambi na Barabara Mbovu

Familia inayoondoka Iringa mjini kwenda kupiga kambi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha husafiri zaidi ya kilomita 100 kabla ya kushusha mizigo yake. Nyama, samaki na maziwa yaliyomo garini hutegemea sanduku la kutunzia ubaridi, ambalo wengi wetu tunaliita deli. Sanduku hilo likishindwa kazi njiani, chakula kinaweza kuwa hatari kabla hakijabadilika harufu wala rangi, na anayeugua tumbo kambini yuko mbali na kituo cha afya.

Madeli yanayouzwa kwa ajili ya safari ngumu yana bei kubwa, na mengi huuzwa kwa ahadi kwamba barafu itadumu siku kadhaa. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuipima ahadi hiyo kabla ya kulipa na kabla ya kusafiri.

Deli hufanya kazi gani?

Deli halitengenezi ubaridi. Kazi yake ni kuchelewesha joto la nje lisiingie ndani. Ubaridi wenyewe hutoka kwenye barafu. Kwa hiyo maswali makuu ya mnunuzi ni mawili: joto litaingia kwa kasi gani, na sanduku litabeba barafu kiasi gani baada ya chakula kuwekwa?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kinachoharibika upesi kitunzwe chini ya nyuzi joto 5 za Selsiasi, na kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2. Kipimo cha deli zuri, basi, ni chakula kubaki chini ya nyuzi 5. Vipande vichache vya barafu vinavyoelea siku ya nne havithibitishi kwamba nyama iliyo juu yake ilikuwa salama.

Mambo ya kukagua dukani

Kuta na mfuniko. Uliza kilichomo kati ya plastiki ya nje na ya ndani. Povu la poliurethani huzuia joto vizuri zaidi kuliko povu jeupe la kufungashia redio na televisheni, iwapo unene ni sawa. Kagua mfuniko kwa makini: baadhi ya madeli yana kuta nene, lakini mfuniko wake ni mtupu ndani. Ugonge kwa kidole; ukitoa mlio wa kitu kitupu, mwulize muuzaji.

Mpira wa kuzibia. Weka kipande cha karatasi kwenye ukingo, funga mfuniko, kisha kivute. Kikitoka bila kukwama, hewa nayo itapita. Rudia jaribio hilo pande zote nne na kwenye pembe.

Bawaba, makomeo na mishikio. Kwenye barabara yenye mawe na mashimo, sehemu hizi ndizo zinazoanza kukatika. Uliza kama zinaweza kubadilishwa na kama vipuri vinapatikana hapa nchini. Dhamana ya miaka mingi haina faida kubwa iwapo komeo moja lazima liagizwe ng'ambo kwa gharama yako.

Ganda la nje. Madeli mengi ya bei kubwa hutengenezwa kwa kuyeyusha unga wa plastiki ndani ya kalibu inayozungushwa. Njia hiyo hutoa ganda moja nene lisilo na maungio, linalostahimili kugongwa. Hata hivyo, ugumu wa ganda ni jambo moja na uwezo wa kuzuia joto ni jambo lingine. Usiruhusu la kwanza litumike kukuuzia la pili. Lebo nyingine hujigamba kwamba sanduku limestahimili dubu. Sifa hiyo ina maana Marekani. Kwetu wanaosumbua kambi ni nyani na fisi, na kinga bora ni kufunga deli kwa kufuli na kulilaza ndani ya gari.

Ujazo na uzito. Namba iliyo katika jina la modeli si lazima iwe idadi ya lita. Tafuta ujazo uliotajwa kwa lita, au omba kuujaza kwa chupa za maji ili uhesabu mwenyewe. Deli gumu la lita 45 linaweza kufika kilo 10 likiwa tupu. Ukiongeza kilo 10 za barafu na kilo 15 za chakula na vinywaji, unapata mzigo wa kilo 35. Jaribu kuliinua pamoja na mtu mtakayesafiri naye.

Jokofu la gari

Baadhi ya wasafiri hupendelea jokofu linalotumia umeme wa gari. Yako ya aina mbili, na kwa mbali yanafanana. Lenye kompresa hufanya kazi kama friji ya nyumbani na laweza hata kugandisha. Lile dogo la bei nafuu lisilo na kompresa kwa kawaida hushusha joto kwa takribani nyuzi 20 tu chini ya joto la hewa iliyolizunguka. Gari likiwa na nyuzi 35, ndani mtabaki na nyuzi 15: maji ya kunywa yatapendeza, lakini nyama mbichi haitakuwa salama. Kwa aina yoyote, hakikisha kifaa hujizima kabla betri haijaisha nguvu za kuwasha gari.

Jaribio la nyumbani

Muda wa kudumu kwa barafu unaoandikwa kwenye lebo hutegemea mazingira ya jaribio: joto la hewa, kiasi cha barafu na idadi ya mara mfuniko ulivyofunguliwa. Mazingira yako yanaweza kuwa tofauti kabisa. Tunakushauri ufanye jaribio lako mapema, ukiwa bado na nafasi ya kurudi dukani.

Lipoze deli kwa barafu kidogo usiku kucha, kisha limwage. Weka kilo 10 za barafu, funga, liache kivulini kwa saa 24, halafu toa maji yaliyoyeyuka na uyapime. Lita moja ya maji ni kilo moja ya barafu iliyokwisha. Ukipata lita 3, deli lako linatumia kilo 3 kwa siku likiwa limefungwa. Safari ya siku 3 itahitaji kilo 9, pamoja na akiba kwa ajili ya jua, kufunguliwa mara kwa mara na chakula chenyewe. Sasa tazama nafasi iliyobaki. Kama chakula cha familia hakienei, deli hilo ni dogo kwa safari hiyo, hata kama lebo yake inaahidi siku 5.

Matumizi yanayookoa barafu

Usipakie vitu vya moto. Kupoza lita 6 za soda kutoka nyuzi 30 hadi 5 hula karibu kilo 2 za barafu. Zipoze nyumbani, na nyama igandishwe kabisa kabla ya safari.

Tumia mabonge makubwa badala ya vipande vidogo, kwani huyeyuka polepole. Chupa za maji yaliyogandishwa zinafaa sana: hazilowanishi chakula, na zikiyeyuka hunywewa. Barafu iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki isiwekwe kwenye vinywaji, kwa kuwa huenda maji yake hayakuwa safi ya kunywa.

Fungasha nyama mbichi isivuje, uiweke chini, mbali na vyakula visivyopikwa tena. Ikiwezekana, tenga deli la vinywaji, ambalo hufunguliwa kila mara, na deli la chakula. Weka kipimajoto kidogo ndani ya deli la chakula. Nyama, samaki au maziwa yakikaa juu ya nyuzi 5 kwa zaidi ya saa 2, yatupwe. Kuonja si njia ya kupima usalama.

Deli tupu lenye komeo lisiachwe mahali watoto wanapochezea. Mtoto akiingia na mfuniko ukajifunga, hewa humwishia upesi.

Haki yako kama mlaji

Dai risiti ya EFD na uitunze pamoja na karatasi ya dhamana. Piga picha lebo yenye ahadi ya siku za barafu, na muuzaji akitoa ahadi kwa mdomo, mwombe aiandike kwenye risiti. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha au kumdanganya mlaji. Tangazo la dukani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi lisikukatishe tamaa ya kuwasilisha malalamiko yako, kwanza kwa muuzaji, kisha kwa Tume ya Ushindani. Kumbukumbu za jaribio la nyumbani, zenye tarehe, kiasi cha barafu na lita za maji, zitayapa malalamiko hayo uzito.

Deli linalokufaa ni lile linalobeba chakula chenu na barafu ya kutosha kwa siku mtakazokaa, mkaweza kuliinua, na ambalo mmelijaribu nyumbani kabla ya kuwasha gari.