Terril ya Lubumbashi ingefunikwa na theluji, ingepewa rangi gani?

LUBUMBASHI – Mji huu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini theluji watu huiona kwenye televisheni tu. Mlima wa kutelezea, hata hivyo, upo: terril, lundo jeusi la taka za tanuru la shaba, kando ya bomba la moshi la Gécamines lenye urefu wa mita 153. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapa mwaka 1911.

Je, ungekuwa Ulaya, nani angethubutu kuuteremka kwa ski?

Mteremko hupimwa kwa digrii au kwa asilimia. Asilimia ni idadi ya mita unazoshuka kwa kila mita 100 za kwenda mbele kwa usawa. Hapo ndipo wengi hupotea: asilimia 100 si ukuta uliosimama wima, ni digrii 45 tu.

Fundi mwashi wa Katuba anaweza kuupima bila mashine. Achukue ubao wa mita moja, ncha moja aiweke juu ya mteremko, aunyooshe kwa pima maji, kisha apime kutoka ncha ya pili hadi chini. Akipata sentimita 40, mteremko ni asilimia 40.

Macho hayafai kwa kazi hiyo. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, waligundua kwamba watu wakitazama kilima cha digrii 5 hukadiria ni kama digrii 20.

Austria na Ujerumani, njia ya ski ya bluu kwa kawaida haizidi asilimia 25, nyekundu haizidi 40, na nyeusi ni zaidi ya hapo. Asilimia 40 ni kama digrii 22 tu. Kwenye karatasi inaonekana ndogo, ila mwulize aliyesimama juu yake. Marekani kila kituo hujipangia alama kwa kulinganisha njia zake chenyewe, kwa hiyo nyeusi ya hapa yaweza kuwa rahisi kuliko ya kule. Harakiri, njia maarufu ya Mayrhofen nchini Austria, hutangazwa kuwa na asilimia 78, yaani digrii 38.

Sasa turudi kwenye terril. Changarawe kavu ikimwagwa na kuachwa, kwa kawaida hutulia kati ya digrii 30 na 40, sawa na asilimia 58 hadi 84. Ubavu wa lundo uliobaki hivyo ulivyomwagwa ungekuwa njia nyeusi, jirani kabisa wa Harakiri.

Lakini katika Katanga namba hizo si za michezo. Lundo lililotulia kwenye pembe yake ya mwisho halina akiba. Mchimbaji anayechimba chini yake anaondoa kinachoshikilia juu, na mvua inaongeza uzito. Kuta za machimbo ya wazi nazo hukatwa kwa ngazi ili zisimame. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kolwezi, wachimbaji wadogo, wale wanaoitwa creuseurs, walikuwa wamechimba mahandaki ndani ya ngazi za shimo la KOV. Ziliporomoka, na zaidi ya watu 40 walikufa.

Simu nyingi za leo zina programu ya kupima pembe. Inasoma digrii za ubavu wa lundo. Handaki lililo chini yake haiwezi kuliona.