Betri Kuukuu Uani: Ufundi wa Nyumbani na Sumu ya Risasi Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, betri huanza kuteremshwa mwaloni Kibirizi. Hubebwa begani, kwenye toroli au nyuma ya baiskeli, zikielekea kwenye vyombo vitakavyokesha ziwani vikivua dagaa. Kwa miongo mingi mwanga wa kuwavutia dagaa ulitoka kwenye karabai za mafuta ya taa. Siku hizi, katika vyombo vingi, unatoka kwenye taa za LED zinazowashwa kwa betri za pikipiki au za gari. Dagaa huufuata mwanga usiku wa giza, na mvuvi naye huufuata mwanga unaomgharimu kidogo. Mzigo huo huacha alama: matundu madogomadogo kwenye bega la shati, pale maji ya betri yalipodondokea. Mvuvi huyaona matundu hayo kuwa ni uchakavu tu. Mtaalamu wa afya anapaswa kuyaona kwa jicho jingine.

Betri haiendi ziwani bila kupita mikononi mwa fundi. Katika vibaraza na nyua za Ujiji, Mwanga na Gungu, kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, wapo watu ambao hawakusomea umeme darasani lakini wanaujua kwa vidole. Huchomoa vijitaa vya LED kutoka kwenye televisheni iliyovunjika kioo, huvipanga juu ya bati na kuvifunika visipate maji. Huokota transfoma kutoka redio ya zamani wakaifanya chaja. Betri ya gari iliyokufa hufunguliwa kwa msumeno, plati mbovu zikatolewa, nzima zikaunganishwa upya na asidi ikajazwa. Wengi walianza utotoni, kwa kuifungua redio ya babu bila ruhusa.

Kigoma ni mwisho wa reli. Kipuri husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na kwa miaka mingi umeme wa mji ulitegemea jenereta za dizeli kabla ya mkoa kuunganishwa na gridi ya Taifa. Katika mazingira hayo, kutupa kitu kinachoweza kufufuliwa ni ubadhirifu. Mji wenyewe una shahidi wake mkubwa. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikaletwa kwa vipande na kuunganishwa Kigoma, kisha mwaka 1916 ikazamishwa na Wajerumani wenyewe, injini zikiwa zimepakwa grisi nene zisiharibike. Iliibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927. Ni vigumu kuwaambia watu walioishi na meli ya namna hiyo kwamba kifaa kikifa kimekufa.

Sifa hii imetangulizwa kwa makusudi, kwani fundi anayehisi kudharauliwa na daktari hatamweleza daktari anachokifanya uani. Na uani ndiko tatizo liliko.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya gari ni risasi, ile metali laini na nzito ya kijivu. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi joto 327 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa hulifikia bila shida. Iliyoyeyushwa humiminwa kwenye kalibu, ikawa viunganishi vya betri nyingine au vipande vya kuzamishia nyavu na mishipi. Mahali popote penye uvuvi risasi haikosi mnunuzi. Fundi huogopa asidi, kwa sababu inaunguza papo hapo. Huogopa pia moshi, kwa sababu unakereketa. Asichokiogopa ni lile tope la kijivu na kahawia linalobaki kwenye plati, ambalo likikauka huwa unga laini wa misombo ya risasi. Unga huo haunuki wala hauwashi. Hushika kwenye suruali, kwenye nyayo, kwenye mkeka, kwenye udongo wa ua ambamo kuku hupekua na watoto hucheza.

Mtoto mdogo hutambaa, hushika, hutia mkono mdomoni. Mtu mzima hufyonza takriban asilimia 10 ya risasi aliyoimeza; mtoto anaweza kufyonza asilimia 40 hadi 50, na zaidi akiwa na njaa au upungufu wa madini ya chuma. Mwili huipokea risasi kana kwamba ni kalisi na kuihifadhi mifupani kwa miongo kadhaa. Mwanamke aliyeivuta utotoni anaweza kuiachilia tena wakati wa ujauzito, ikapita kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kiasi kidogo hupunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza na kutulia, bila homa wala kilio cha kumpeleka kituoni. Kiasi kikubwa huleta maumivu ya tumbo, kufunga choo, kutapika, kupauka, usingizi mzito, degedege na hatimaye kifo.

Msomaji anayefanya kazi Kigoma ameshatambua ugumu uliopo. Mtoto aliyepauka, anayetapika, aliyepata degedege: katika mkoa wenye malaria nyingi, jina la ugonjwa huo huandikwa kwenye cheti kabla mama hajakaa. Mara nyingi jina hilo ni sahihi. Hata hivyo, mahali ambapo vimelea huweza kukutwa katika damu ya watoto wasio wagonjwa, kipimo cha haraka chenye majibu chanya hakiondoi uwezekano wa sumu. Na kipimo kikiwa hasi, joto la mwili likiwa la kawaida, degedege bado linahitaji maelezo.

Kosa hilo limewahi kugharimu maisha. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walikufa huko Thiaroye-sur-Mer, mtaa wa pwani karibu na Dakar, Senegal, ambako betri kuukuu zilikuwa zikivunjwa na udongo wenye chembe za risasi kuchekechwa na kuuzwa. Ndugu zao na mama zao walipopimwa walikutwa na viwango vya juu mno vya risasi. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa risasi iliyotokana na kusaga mawe ya dhahabu nyumbani, na mwanzoni vifo vingi vilidhaniwa kuwa vya malaria. Karibu zaidi na kwetu, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kiliwadhuru wakazi hadi mahakama ikaamuru, Julai 2020, walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kiwanda kina ukuta, lango na mtu wa kushtakiwa. Ua wa fundi hauna lolote kati ya hayo, na mara nyingi mhanga wa kwanza ni mwanawe.

Kwa hiyo swali la kazi ya mzazi, ambalo hujazwa haraka kwenye fomu kwa neno “mkulima” au “mvuvi”, linastahili kurefushwa. Nyumbani kuna mtu anayefungua betri? Anayeyeyusha risasi? Mtoto hula udongo? Wapo watoto wengine wenye hali kama hiyo katika ua huo huo? Maabara inayosoma slaidi za malaria inaweza kusaidia pia: madoa ya bluu yaliyotapakaa ndani ya chembe nyekundu za damu, ingawa huonekana katika magonjwa mengine, yanatosha kuamsha shaka. Katika fizi za mtu mzima aliyeathirika kwa muda mrefu huweza kuonekana mstari wa bluu iliyokoza. Kuthibitisha kunahitaji kupima risasi katika damu ya mshipa; kituo kisicho na uwezo huo kiandae rufaa kupitia hospitali ya mkoa, Maweni. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Kwa mtoto wa miaka 10 au chini mwenye mikrogramu 45 au zaidi, Shirika la Afya Duniani linapendekeza dawa za kuifunga risasi na kuitoa kwa mkojo. Dawa hizo hazina maana ikiwa mtoto atarudishwa kwenye ua ule ule.

Wapo mafundi wanaokunywa maziwa baada ya kazi ili “kuosha kifua”. Maziwa hayaoshi kifua wala hayatoi risasi iliyokwisha kuingia. Ukweli uliojificha ndani ya desturi hiyo ni kwamba mtoto anayepata kalisi na madini ya chuma ya kutosha hufyonza risasi kidogo zaidi. Dagaa wanaoliwa wazima, mifupa na vichwa, wana kalisi nyingi, na katika mwambao huu hakuna haja ya kuwatafuta mbali.

Fundi haombwi aache kazi. Kuunganisha nyaya kwa solda, kwa mfano, hakulingani kwa hatari na kuyeyusha betri: kwenye joto la kawaida la kazi hiyo risasi haigeuki mvuke kwa kiasi kikubwa. Moshi unaoonekana ni wa utomvu uliomo ndani ya waya wa solda. Unaweza kuchochea pumu, hivyo dirisha liwe wazi. Risasi yenyewe huingia kwa vidole, pale fundi anapokula andazi bila kunawa kwa sabuni. Kufungua betri na kuyeyusha risasi ndiyo kazi isiyopaswa kufanyika nyumbani kabisa. Betri iliyokufa iuzwe nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Aliyekwisha kuchafua ua asifagie kwa ufagio mkavu, alowanishe kwanza. Nguo za kazi zibaki kazini, zifuliwe peke yake, zisichanganywe na nepi.

Hatari nyingine zinajulikana zaidi. Asidi ikiingia jichoni, maji safi yamiminwe mara moja kwa dakika zisizopungua 30, kabla ya kuanza safari ya hospitali. Televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa huweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Betri ndogo za duara kama sarafu, zinazotoka kwenye rimoti na saa, zikikwama kooni mwa mtoto huunguza ndani ya saa mbili: asitapishwe, apelekwe hospitali yenye eksirei. Aliyetimiza mwaka mmoja na anayeweza kumeza hupewa njiani asali, vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, visizidi mara sita, bila kuchelewesha safari.

Tuseme, basi, asubuhi moja baba ameingia zahanati na mtoto wa miaka miwili aliyepata degedege usiku. Kipimo cha malaria ni hasi na mwili hauna joto. Mtoto ameegemezwa begani, juu ya shati lililojaa matundu madogomadogo. Muuguzi anaweka kalamu chini, anasogeza kiti na kuuliza, “Baba, pole sana. Hayo matundu ya shati yametokana na nini?”